Nilijifanya Nimelala

Nilipoingia kidato cha kwanza, sisi wageni tuliitwa "mono". Mmoja wetu alikuwa na kigugumizi. Usiku bwenini walimsimamisha juu ya sanduku lake la bati asome gazeti kwa sauti, wengine wakihesabu amekwama mara ngapi. Mimi sikumcheka. Kitanda changu kilikuwa karibu na chake, nikajifunika blanketi, nikajifanya nimelala. Muhula wa pili hakurudi. Inaniuma hadi leo.

Mwaka huu, hapa mtaani Umoja, Nairobi, nikawasikia watoto wa ploti yetu wakimwita mvulana wa jirani "Redio Mbovu". Nilitamani kuwafokea, nikajizuia, maana ukifoka ukaenda zako, anayelipishwa ni yeye. Nikamwita kwa jina lake, nikamwomba tushikane mtungi wa maji hadi ghorofa ya nne. Wenzake wakabaki wakitazamana.

Tulipofika mlangoni nikamwambia, "Nimesikia walivyokuita. Si vizuri, na huna kosa." Akakazia macho kifuniko cha mtungi, kisha akaanza kunieleza. Alikwama mara nyingi. Sikummalizia hata neno moja, na hili nakusihi ulishike: mwenye kigugumizi anajua anachotaka kusema, ila anahitaji muda. Ukimmalizia, hata kwa wema, umemnyang'anya zamu yake.

Jioni nikaongea na mamake, faraghani. Kumbe hata shuleni hali ni hiyo hiyo. Tukachukua daftari, tukaandika siku, mahali na maneno yenyewe. Mwalimu akiambiwa tu "wanamsumbua" huitikia mambo yakaishia hapo. Akionyeshwa tarehe huanza kuuliza maswali. Tena una haki ya kuuliza: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mwanafunzi kutendewa ukatili, uwe wa kimwili au wa kisaikolojia. Na mtoto asiyethubutu kumwambia mtu wa karibu anaweza kupiga 116, nambari ya Childline Kenya. Haina malipo, hata usiku wanapokea. Mfundishe mwanao aikariri.

Siku hizi akiniona mferejini huja kushika mtungi kabla sijamwomba, na hadithi za mpira huanza ngazi ya kwanza. Mara nyingi tunafika juu hajamaliza. Tunautua mtungi, tunasimama pale mlangoni hadi amalize.