Kumbikumbi, nyuki na kipepeo mwenye ngeli mbili

Natafsiri kijitabu cha vyakula vya asili kutoka Kiingereza. Nimekuta maneno yenye maana ya "sisimizi wanaoruka", nikaandika "sisimizi wenye mbawa". Mwenzangu anasema ni kumbikumbi. Nani amepatia? (Msomaji, Kampala)

Mwenzako. Kumbikumbi ni mchwa waliofikia hatua ya kuota mbawa. Mvua zikianza hutoka kichuguuni, huruka kwa muda mfupi, hupukutisha mbawa, kisha dume na jike wakaanzishe kichuguu kipya. Kiingereza cha mitaani ndicho kinachowachanganya na sisimizi, nacho kimewaponza watafsiri wengi.

Kama kijitabu kina picha, angalia mbawa kwanza. Wote wana nne, lakini za kumbikumbi zinalingana urefu, ilhali za mbele za sisimizi huzidi za nyuma. Sisimizi ana kiuno chembamba na vipapasio vilivyopinda kama kiwiko. Kumbikumbi kiuno hakionekani, na vipapasio vyake vimenyooka mithili ya shanga zilizotungwa. Usiandike "mchwa" pia, maana msomaji atamfikiria yule anayetafuna boriti za nyumba.

Hapo Kampala unalisikia kila msimu: *enswa*. Kibemba husema *inswa*, Kishona *ishwa*, Kizulu *inhlwa*. Neno ni moja, matamshi yametawanyika. Kichewa kina *ngumbi*, ambalo sikioni liko karibu zaidi na letu. Wajaluo, ambao lugha yao si ya Kibantu, husema *ngwen*.

Je, ukijua jina la mdudu kwa Kiswahili unaweza kukisia la lugha nyingine za Kibantu?

Inategemea mdudu. Nyuki hakuangushi: Kikuyu *njũkĩ*, Kikamba *nzũkĩ*, Luganda *enjuki*, Kinyarwanda *inzuki*, Kichewa *njuchi*, Kishona *nyuchi*. Hata Kizulu *inyosi* ni wa ukoo huohuo.

Kwa nzi mambo huanza kulegalega. Kikuyu *ngi* na Kitswana *ntsi* ni jamaa zake, ila Luganda wana *ensowera* na Kinyarwanda *isazi*. Kwa mbu usijaribu kabisa. Kinyarwanda *umubu* kitakupa moyo, halafu ukutane na *ensiri* ya Luganda, *udzudzu* ya Kichewa na *ngungi* ya Kilingala.

Nje ya Afrika kuna mtego mwingine. *Mosquito* ni Kihispania, udogo wa *mosca*, yaani nzi. Kwa hiyo mbu wao ni "kijinzi". Anayedhani Kifaransa hufuata njia hiyohiyo atachukua *mouche*, audogoshe, apate *moucheron*. Hilo lipo kweli, lakini ni vijidudu vidogo kama vile vinavyozunguka ndizi zilizoiva. Mbu ni *moustique*. Kwenye bango la malaria kosa hilo si dogo.

"Kipepeo kimeruka" au "kipepeo ameruka"?

Ameruka. Umbo ni la KI-VI, lakini upatanisho hufuata uhai: kipepeo huyu, vipepeo hawa wameruka. "Kipepeo kimevunjika" nayo ni sahihi, mradi unazungumzia kile cha kupepea moto wa mkaa. Nondo ana tabia hiyohiyo: nondo ameingia kabatini ni mdudu, nondo imepinda ni chuma cha ujenzi. Kosa la "kipepeo kizuri kimetua" limejaa kwenye vitabu vya watoto, na sioni sababu ya kulivumilia.

Mbung'o, ndorobo au tsetse?

Mbung'o na ndorobo ni majina ya mdudu mmoja. Chagua moja ulishike hadi mwisho wa andiko. *Tsetse* imetoka Kitswana, ikapitia lugha za Ulaya. Msomaji akihitaji kumtambua, mwambie amtazame akiwa ametua: mbawa zake hulaliana moja juu ya nyingine kama mkasi uliofungwa, na mdomo umechomoza mbele. Za nzi wa nyumbani hubaki zimeachana.