Skrinshoti yangu ilinirudia

Niliitambua kwa chaji. Kule juu kwenye kona ya picha, pembeni ya saa, palionekana asilimia 11, na nakumbuka vizuri kwamba usiku ule simu ilikuwa inakaribia kuzima nami naona uvivu kunyanyuka kitandani kuichomeka. Kwa hiyo mtu aliponitumia picha ile siku mbili baadaye, na chini yake ameandika "Mpendwa, umeyaona haya?", sikuwa na haja ya kuuliza imetoka wapi. Ilitoka kwangu. Ilikwenda ikazunguka, ikapita mikono nisiyoijua, ikarudi kwa mwenyewe.

Mambo yalianza hivi. Kaka mmoja tunayesali naye aliomba msaada kwenye kundi letu la maombi. Mkewe amelazwa, gharama zimemzidi, mwenye chochote amshike mkono. Nikachanga. Hakikuwa kikubwa, na nakiri kwamba hicho kidogo ndicho kilichonipa ujasiri wa kumchunguza mtu kana kwamba nimemnunua. Wiki hiyohiyo, naperuzi Facebook usiku, namkuta yeye na mkewe kando ya bwawa la kuogelea. Miwani ya jua, glasi za juisi zenye mirija, vicheko mpaka magego yanaonekana. Damu ikanichemka. Nikapiga skrinshoti, nikamtumia dada mmoja tunayepatana, na maneno haya: "Bwana asifiwe. Tumwombee tu kaka yetu."

Sikuandika kwamba ni tapeli. Nani angethubutu? Niliuvisha umbea joho la maombi, ufundi ambao sisi watu wa kanisani tunaujua sana.

Chini ya picha ile palikuwa na maelezo marefu yaliyokatwa katikati, na yale maneno ya kukualika usome zaidi. Sikubonyeza. Ningebonyeza ningesoma kwamba picha ni ya miaka mitatu nyuma, kwamba Facebook ndiyo iliyomkumbusha siku hiyo, na kwamba aliyetaka iwekwe ni mkewe, akiwa wodini, maana alikuwa na hamu ya kujiona tena akiwa mzima. Yote yaliandikwa pale. Yalinihitaji kidole kimoja tu.

Tangu siku hiyo namtazama kuhani Eli kwa huruma kidogo. Alimwona Hana akicheza midomo bila sauti kutoka, akadhani amelewa, kumbe mama wa watu anamlilia Mungu ampe mtoto. Eli alikuwa hekaluni, ni kazi yake, mtu mwenyewe yuko mbele ya macho yake, na bado alikosea. Mimi nilikuwa na picha. Na mtoto yule aliyeombwa, Samweli, alipokuwa nabii aliingia kwenye mtego uleule: alipotumwa kumpaka mafuta mfalme mpya alimwona Eliabu, kaka yake Daudi, akasema moyoni huyu ndiye masihi wa Bwana, yaani mteule wake, ndipo akaambiwa kwamba wanadamu huitazama sura ya nje, bali Bwana huutazama moyo. Mstari huo nimeuposti mara nyingi sana, tena wenye maua pembeni.

Lakini kisa kilichonisaidia hasa ni kile cha Yoshua 22, ambacho sikumbuki kusikia kikihubiriwa. Wareubeni, Wagadi na nusu ya kabila la Manase, Waisraeli waliopewa nchi ng'ambo ya mto, walijenga madhabahu kubwa karibu na Yordani. Makabila mengine wakasikia, na kwa kweli ilionekana vibaya, kwa kuwa sadaka zilipaswa kutolewa mahali pamoja tu. Wakakusanyika Shilo tayari kwenda vitani. Kabla ya kutoka, wakamtuma Finehasi mwana wa kuhani Eleazari pamoja na wakuu kumi. Ukisoma utaona ujumbe ule haukwenda kwa upole. Walifika na lawama mdomoni. Ila walifika, na wakasubiri jibu. Jibu likawa kwamba madhabahu ile si ya sadaka hata kidogo. Ni ya ushahidi, ili watoto wa ng'ambo hii wasije wakawaambia wa ng'ambo ile kwamba hamna fungu katika Bwana. Vita ikaishia hapo. Kitu kilekile walichokiona kuwa uasi kilijengwa kwa hofu ya kutengwa na Mungu.

Ndiyo maana sisemi tufumbe macho. Yesu mwenyewe alisema tusihukumu hukumu ya macho tu, bali tuifanye hukumu iliyo ya haki. Mtu anayekusanya fedha za watu kwa jina la Mungu huku akiwadanganya apaswa kuulizwa, na mashahidi wawili watatu wasimame. Hiyo ni kazi, ina gharama yake, inakula muda. Kuangalia urefu wa sketi ya mtu kwenye picha ya harusi, au kuhesabu mara ngapi ametaja jina la Yesu kwenye ukurasa wake, si kazi hiyo.

Na tusisahau upande wa pili. Kila alfajiri saa kumi na mbili kamili, ukurasa wangu hutoa andiko. Watu huniita mwombaji, wengine wamenipigia simu niwaombee wakisema "wewe unayeamka mapema na Bwana." Ukweli ni kwamba maandiko ya wiki nzima nayapanga Jumapili jioni, na programu huyatoa yenyewe huku mimi nikikoroma. Kuna majuma nimeyamaliza bila kupiga magoti hata mara moja, na sifa zikaendelea kumiminika. Anayenidhania mtakatifu kwa sababu ya posti na anayemdhania mwenzangu mpotovu kwa sababu ya posti wanatumia mizani moja, na mizani yenyewe ni mbovu.

Sasa nikikuta kitu mtandaoni kikanichoma, nafungua maelezo mpaka mwisho na kuangalia tarehe. Kikiendelea kunichoma, nampigia mhusika. Mathayo 18 inasema "wewe na yeye peke yenu", na kundi la watu mia mbili si peke yenu, hata ukianza na salamu ya Bwana. Kama sina namba yake, najua kwamba sikutumwa mimi. Ana ndugu, ana mchungaji, ana marafiki wanaomfahamu kwa jina la nyumbani. Kanuni hii ya namba ya simu imeniepusha na mengi kuliko kufunga mtandao siku arobaini, jambo ambalo pia nimelijaribu na nikarudi na njaa ya umbea maradufu.

Kuomba radhi kulikuwa kugumu kuliko nilivyotarajia. Nilitaka kumwandikia, nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Kila ujumbe ulijaa "kama nimekukwaza", na hapakuwa na kama yoyote. Mwisho nikaenda. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, mfuko wa nguo za mgonjwa mkononi, kisha akasema, "Dada, si ungenipigia tu?" Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Nikafuta ujumbe wangu kwa wote, lakini kufuta kwangu hakukugusa nakala zilizokwisha kusambazwa. Nikaandika kwenye kundi kwamba picha ni ya zamani, kwamba mimi ndiye niliyeanza kuituma bila kusoma, na kwamba nimekosa. Ile picha ilijadiliwa siku nzima. Masahihisho yangu yalipata emoji mbili za mikono iliyokutanishwa, na mtu mwingine akauliza ratiba ya mkesha.

Mkewe aliruhusiwa, anaendelea vizuri, tunakaa naye benchi moja ibadani na tunacheka. Kaka naye hunisalimu kwa moyo, sina sababu ya kusema ana kinyongo. Ila juzi nilipita kwenye ukurasa wake, nikashuka chini, nikapanda juu. Hajaweka kitu kingine tangu wakati ule. Ya mwisho ni ileile ya bwawani, na maelezo yake yamekatwa palepale katikati.