Visa ya shambani Marekani: nani hulipa nini?

SWALI: Wakala mmoja hapa mjini ameniahidi kazi ya kuchuma stroberi Marekani kwa miezi mitano, kwa visa ya H-2A. Anataka Sh280,000, nusu sasa na nusu visa ikitoka. Jina la shamba anasema nitaambiwa baadaye. Je, ni halali? Na naweza kwenda na mke wangu? – Msomaji, Kayole

JIBU: Usimpe hata shilingi, ndugu yetu. Visa ya H-2A huanzia shambani. Siku 60 hadi 75 kabla ya kazi, mkulima hupeleka tangazo kwa ofisi ya ajira ya jimbo lake. Kisha huomba kibali cha Wizara ya Kazi ya Marekani akithibitisha kwamba wenyeji hawakutosha, ndipo apeleke fomu I-129, ya kuomba kuleta wafanyakazi, kwa uhamiaji wa Marekani. Wewe unaingia mwisho kabisa, kwa fomu DS-160 ya kuomba visa na mahojiano ya ubalozini Gigiri. Wakala asiye na jina la shamba hana kazi mkononi.

Mdai nambari ya kibali, ambayo huanza na H-300, uitafute kwenye seasonaljobs.dol.gov, tovuti ya Wizara hiyo. Utaona mwajiri, mshahara kwa saa, saa za wiki na tarehe. Matapeli hunakili nambari za kweli, kwa hiyo wasiliana na mwajiri kwa simu iliyo kwenye tangazo, si ile utakayopewa na wakala. Hapa nyumbani, hakikisha pia wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Kuhusu pesa, sheria ya Marekani inakataza mfanyakazi kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Uhamiaji ikigundua ulitozwa, ombi la mwajiri linaweza kukataliwa, nawe ukose pesa na safari. Gharama yako ni pasipoti. Unaweza pia kutanguliza ada ya visa, dola 205, na nauli ya kwenda kama mwajiri hakuitanguliza. Nauli hiyo unarudishiwa ukimaliza nusu ya mkataba. Ukimaliza wote, nauli ya kurudi ni ya mwajiri. Malazi, vifaa na usafiri wa kila siku kutoka malazini hadi shambani ni bure. Chakula ndicho huwachanganya wengi: mwajiri akupe jiko la kupikia, au milo mitatu kwa siku, na gharama ya milo hiyo anaweza kuikata kwenye mshahara wako.

Soma sana kipengele cha robo tatu. Mkataba ukiwa wa saa 40 kwa wiki 20, jumla ni saa 800, na lazima ulipwe angalau saa 600 hata mavuno yakiwa haba. Ukiacha kazi njiani, au ukifukuzwa kwa kosa lako, dhamana hiyo na nauli ya kurudi vinapotea. Mkataba huo upewe kabla au siku ile ya kuomba visa, kwa lugha unayoielewa.

Mkeo anaweza kuomba H-4, visa ya familia ya mfanyakazi, lakini haimruhusu kufanya kazi, na malazi ya bure kwa kawaida ni ya wafanyakazi pekee.

Wakala akikushauri uingie kwa visa ya utalii kisha uende shambani, kataa. Kudanganya ubalozini kunaweza kukufungia mlango wa Marekani maisha. Kama umeshalipa chochote, hifadhi ujumbe wa M-Pesa na mazungumzo yote ya simu, upeleke kwa DCI, idara ya upelelezi.