Kadiria kwanza: ushauri kwa wanaoandika programu za pampu

Kazi zangu nyingi hapa Dodoma ni vidhibiti vya pampu kwa mashamba ya zabibu yanayomwagiliwa kwa matone. Vijana wanaoniletea programu zao huanza hivi: "Kaka, imewaka mezani tangu juzi na haijakwama." Hilo halinitoshi. Hali mbaya kuliko zote hutokea kazi zote za ndani ya programu zinapoamka kwa mpigo, tena kila moja ikachukua muda wake mrefu kabisa. Mezani unaweza kukesha usiione. Shambani ikitokea, amri ya kupunguza kasi ya pampu inachelewa na mabomba ndiyo yanayoumia.

Tuchukue kidhibiti chenye kazi tatu, yenye kipindi kifupi ikipewa kipaumbele. Ya kwanza inapima umeme wa mota kila milisekunde 5 na inatumia 1. Ya pili inasoma presha ya maji kila 10, inatumia 3. Ya tatu inapanga kasi ya pampu kila 20, inatumia 7. Wengi hujumlisha 1, 3 na 7, wakapata 11, wakaridhika. Wanasahau kwamba ya tatu ikiwa bado inaendelea, zile mbili zinaamka tena na kuikatiza.

Kipimo cha watafiti Liu na Layland cha mwaka 1973 hakikusaidii hapa: kwa kazi tatu kinakuhakikishia usalama hadi mzigo wa takriban asilimia 78, na wewe una 85 (mzigo wa kazi ni muda inaotumia gawanya kwa kipindi chake; hapa tumejumlisha wa zote tatu). Usikimbilie kununua prosesa kubwa. Tumia kikomo cha juu cha Bini na Baruah cha mwaka 2007, kinachokadiria muda mrefu kabisa tangu kazi iamke hadi imalize. Kila kazi iliyo juu kwa kipaumbele, zidisha muda wake kwa 1 toa mzigo wake: 1 mara 0.8, na 3 mara 0.7. Ongeza 7, unapata 9.9. Gawanya kwa nafasi iliyoachwa na kazi za juu, yaani 1 toa 0.2 toa 0.3, ambayo ni 0.5. Jibu ni 19.8, chini ya 20, yaani inamaliza kabla ya zamu yake inayofuata. Kazi inawahi, na umemaliza kwa kikokotoo cha simu.

Jibu kamili, kwa njia ya kurudiarudia ya Joseph na Pandya ya 1986, ni 17. Kadirio limezidisha, na ndivyo ninavyotaka: makadirio ya namna hii yakikosea, yakosee kwa kwenda juu. Wastani hukosea kwenda chini, ndiyo maana siupokei kabisa.

Sasa kazi ya tatu ikue hadi 8. Kadirio linaruka hadi 21.8, limepita 20. Hapo usiseme imeshindikana. Maana yake ni kwamba kadirio limeishiwa la kusema. Fanya hesabu kamili: anza na 8, ongeza muda wa kila mara kazi za juu zinapoamka ndani ya jibu ulilonalo, rudia hadi jibu lisibadilike: 13, 17, 18, kisha 18 tena. Bado inawahi. Kwa kazi chache hesabu hiyo ni nyepesi. Kazi zikiwa nyingi ugumu ni wa kweli. Eisenbrand na Rothvoß walithibitisha mwaka 2008 kwamba ni tatizo la NP-gumu, yaani aina ya tatizo ambalo hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kulitatua kila mara. Kwa hiyo mimi hupitisha kadirio kwa kazi zote, na hesabu kamili naziwekea zile tu zilizogoma.

Angalia mzigo wa kazi za juu. Ukifika 0.8 unagawanya kwa 0.2, na kadirio linavimba mno.

Na kama kazi zako zinagombea waya mmoja wa mawasiliano, ongeza kwenye muda wa kazi unayoikagua muda mrefu zaidi ambao kazi iliyo chini yake inaweza kuushikilia waya huo, kabla hujagawanya.