Kaka aliniuliza nani anapandisha mpira

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: "Mechi ya kwanza ya maandalizi ya msimu katika NBA: nyota njema huonekana asubuhi, au shabiki asubiri?" Nilikusudia kuandika mistari miwili tu, kwamba asubiri, basi. Lakini swali limenigusa mahali, na nimekaa nalo siku tatu. Kila Oktoba nawaona mashabiki wenzangu wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, wakigombana kwa sababu ya mechi moja isiyohesabiwa popote. Timu ikishinda kwa pointi thelathini, watu wanapanga safari ya fainali. Ikifungwa, kocha afukuzwe. Na mimi nimewahi kuwa mmoja wao, kwa moyo wote.

Kwanza niseme kwa nini jibu langu lilikuwa "asubiri". Mechi ya kwanza inachezwa wakati kambi ina takriban wiki moja tu tangu ifunguliwe. Wachezaji wakubwa hucheza nusu ya dakika zao, wengine hawavai jezi kabisa. Kocha hafungui daftari lake lote mbele ya wapinzani atakaokutana nao kwenye mechi 82 za kweli. Robo ya nne inachezwa na vijana wanaogombea nafasi za mwisho, maana kikosi kina nafasi 15 za mikataba ya kawaida na 3 za mikataba ya pande mbili, yaani ya wanaogawana muda kati ya NBA na ligi yake ya chini, na kambini wanaingia watu wengi kuliko hao. Kwa hiyo ubao wa matokeo mwishoni mwa usiku unaonyesha pointi walizofunga watu ambao wengi wao hutawaona tena baada ya wiki mbili. Utajifunza nini hapo?

Halafu kuna Zion Williamson, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia ligi. Oktoba 2019 alicheza mechi nne za maandalizi na New Orleans Pelicans, wastani wake pointi 23.3, na zaidi ya mitupo saba katika kila kumi ikaingia. Ulimtazama ukasema huyu hakuna wa kumzuia. Siku moja kabla Pelicans hawajafungua msimu ikatangazwa amefanyiwa upasuaji wa goti. Alikosa mechi 44. Alipoingia mara ya kwanza, Januari 22, 2020, ilikuwa dhidi yetu sisi wa San Antonio Spurs, akafunga pointi 22, 17 kati ya hizo mfululizo katika robo ya nne, nasi tukashinda kwa taabu. Sasa niambie, asubuhi ya Oktoba ilionyesha nyota au haikuonyesha? Ilionyesha mkono wa mtu, goti lake halikuonekana.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini mfano wa Zion si wangu, ni wa watu wa New Orleans. Wangu ni wa Oktoba 9, 2023, na siwezi kujibu swali lenu bila kuupitia.

Mnakumbuka hali yetu wakati ule. Msimu uliotangulia tulishinda mechi 22 na kupoteza 60. Juni tukampata Victor Wembanyama, wa kwanza katika drafti, zoezi la timu kuchagua vijana wapya, Mfaransa mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.2. Julai akacheza mechi yake ya kwanza ya ligi ya kiangazi Las Vegas, akarusha mara 13 zikaingia 2. Pointi 9. Nilisoma maneno ya watu usiku ule mpaka nikaizima simu. Eti amekuzwa na magazeti, eti upepo utampeperusha. Mechi ya pili alifunga pointi 27 na kuchukua ribaundi 12, yaani mipira aliyoidaka baada ya mitupo kukosa, lakini waliokwisha kusema walikuwa wamekwisha kusema. Akapumzishwa. Tukangoja miezi mitatu.

Mechi ya kwanza ya maandalizi ikapangwa Oklahoma City, dhidi ya Thunder. Na upande wa pili alikuwapo Chet Holmgren, chaguo la pili la drafti ya 2022, mrefu mwembamba kama wetu, ambaye aliumia mguu Agosti ya mwaka huo katika mechi ya kiangazi nje ya NBA na kuukosa msimu mzima. Naye hakuwa amecheza hata mechi moja na kikosi kikuu. Wote wawili walikuwa wanaanza usiku mmoja, katika ukumbi mmoja. Sijui kama waliopanga ratiba walijua wanatupa nini.

Niliangalia na kaka yangu mkubwa. Ilikuwa usiku wa manane, nyumba nzima imelala, sauti tumeipunguza mpaka tulikuwa tunasikia viatu vya wachezaji vikilia sakafuni kuliko mtangazaji. Kaka yangu alikuwa pointi gadi enzi zake, yule anayepandisha mpira kutoka nyuma na kuwagawia wenzake, wa timu ya mtaani tu, lakini mtu aliyewahi kupandisha mpira hatazami mechi kama mimi. Mimi namfuata anayefunga. Yeye anamwangalia anayetoa pasi, tena anamwangalia kabla hajaitoa. Tumezozana juu ya hilo tangu utotoni.

Usiku ule sikutaka mzozo. Nilitaka kumwona mtu mmoja. Na nikamwona. Mara ya kwanza aliposhika mpira mbali na kikapu, nikasubiri aurudishe kwa mfupi kama wanavyofanya warefu wote niliowazoea, lakini yeye akaudunda, akageuka, akaenda nao mwenyewe. Hatua zake ni chache, nusu ya uwanja inaisha kabla mlinzi hajajua aelekee wapi. Kwenye ulinzi nilikuwa nawaona Thunder wakiingia ndani wakiwa na njia nyeupe kabisa, halafu wanamwona, halafu wanarudi nje na mpira wao. Hilo haliandikwi kwenye takwimu. Mtu anapaswa kurusha, anaghairi, na hakuna safu ya kuandika "aliogopa". Nilimshika kaka mkono, nikamwambia, "Umeona? Yule hata hakujaribu!"

Na Holmgren hakuwa mnyonge. Walipokutana ana kwa ana sikupumua. Yeye alimaliza na pointi 21 na ribaundi 9 ndani ya dakika 16. Wetu akamaliza na pointi 20 ndani ya dakika 19. Zihesabu dakika hizo, msomaji, halafu fikiri tulivyojisikia. Thunder walishinda 122 kwa 121, na mimi sikuwa na habari na matokeo, nilikuwa nimesimama sebuleni saa ambazo watu wazima wanapaswa kuwa wamelala. Nilikuwa nakumbuka maneno ya Julai, neno kwa neno, na nilikuwa nataka kila aliyeyasema awe macho saa ile.

Sasa, katika robo ya pili, kaka aliniuliza kitu. "Mbona huyu ndiye anapandisha mpira?" Alikuwa anamsema Jeremy Sochan. Sochan ni mchezaji wa mbele, mwenye nguvu, mlinzi mzuri, mpiganaji, lakini katika maandalizi yale Gregg Popovich, kocha wetu wakati ule, alikuwa anamjaribu kama pointi gadi, na Tre Jones, ambaye kazi hiyo ndiyo yake, akaanzia benchi. Nikamwambia kaka, "Popovich anajua anachofanya, wewe mtazame mtoto." Kaka akanyamaza kidogo, kisha akasema mpira unachelewa. Wembanyama anasimama sehemu nzuri, anainua mkono, mpira haujafika, anashusha mkono, ndipo mpira unakuja. Nikamwambia anyamaze. Nilimwambia kwa ukali, na hilo nalijutia mpaka leo, maana kaka yangu si mtu wa maneno mengi na mara nyingi akisema amekwishaona mara tatu.

Asubuhi yake niliwaandikia rafiki zangu wote. Niliandika kwamba tutaingia mchujo, na wengine waliniunga mkono. Tulifungua msimu Oktoba 25 kwa kufungwa na Dallas, nikasema ni siku ya kwanza. Tukaenda Phoenix, tukawapiga Suns mara mbili, na ile ya pili, Novemba 2, Wembanyama alifunga pointi 38. Nikasema mnaona. Tulikuwa na ushindi wa tatu katika mechi tano. Kisha tukafungwa mechi 18 mfululizo. Haijawahi kutokea katika historia ya Spurs. Katikati ya Desemba ndipo tuliposhinda tena, dhidi ya Lakers, na mimi nilikuwa nimeacha kuandika kwa mtu yeyote. Msimu ukaisha tukiwa na ushindi 22 na vipigo 60. Hesabu ileile ya msimu uliotangulia, kabla hatujampata Wembanyama.

Kwa miaka hii nimekuwa nikiusimulia usiku ule wa Oklahoma City kama onyo, kwamba usiiamini mechi ya kwanza, angalia mimi ilivyonifanya. Na nilipoanza kuandika barua hii ndivyo nilivyokusudia kuusimulia. Lakini nikiuandika hivi, mstari kwa mstari, naona onyo hilo halikai sawa.

Maana mechi ile ilidanganya wapi? Ilisema mtoto anaweza. Akamaliza msimu na wastani wa pointi 21.4, ribaundi 10.6 na mitupo 3.6 aliyoizuia kila mechi, akachaguliwa mchezaji bora wa mwaka wa kwanza bila kura hata moja ya nafasi ya kwanza kwenda kwa mwingine. Wa pili alikuwa nani? Holmgren, aliyecheza mechi zote 82 kwa mguu uleule watu waliokuwa wakiuhofia. Ilisema pia mpira unachelewa kufika, na ulichelewa mpaka Popovich alipoliacha jaribio lile, akamhamishia Wembanyama katikati na baadaye akamrudisha Jones kikosi cha kwanza. Mechi haikuficha kitu. Yote yalikuwa mbele yetu robo ya pili haijaisha, na mtu mmoja katika sebule yetu aliyaona.

Simlaumu Sochan, na nisingependa asomaye aondoke na hilo. Kijana wa miaka 20 alipewa kazi ambayo hakuwahi kuifanya katika ligi hii, akaifanya bila kulalamika mbele ya watu waliokuwa wakihesabu makosa yake. Wala siwezi kusema vipigo 18 vilitokana na jambo hilo tu. Timu ilikuwa changa kila upande.

Kuna hili nalo, kwa ufupi, maana hakuna anayelitaja: robo ya nne ya mechi hizi ndiyo sehemu pekee ambayo kila aliye uwanjani anacheza kama mechi ni ya mwisho, kwa sababu kwake huenda ni ya mwisho. Nimeona wachezaji ambao majina yao sikuwahi kuyasikia kabla wala baada wakijirusha sakafuni kugombea mpira timu ikiwa mbele kwa pointi 25. Mnaozima televisheni mapema, naomba mwaache jambo hilo.

Kwa hiyo jibu langu, Mhariri. Nilisema asubiri, na bado naona kwa upande wa ushindi na vipigo shabiki asubiri, angalau mpaka mechi ya kumi, au pengine ya ishirini kama timu ni changa. Asiandike kwa rafiki zake asubuhi yake. Lakini kama mnauliza iwapo mechi ya kwanza inasema kweli, basi nimebadilika njiani: naona inasema kweli kuliko mechi nyingi za Januari, kwa kuwa kocha bado anajaribu waziwazi na hakuna aliyejifunza kuyafunika makosa yake. Isipokuwa magoti. Juu ya magoti haisemi lolote, na watu wa New Orleans wana haki ya kunikatalia yote niliyoandika.

Kaka yangu sasa anaishi mbali, hatuangalii tena pamoja. Oktoba ikifika mechi ya kwanza ikianza huwa namtumia ujumbe kabla robo ya kwanza haijaisha. Sitaji aliyefunga. Namuuliza nani anapandisha mpira, halafu nakaa nasubiri ajibu.