Nani kasema Mbeya ni ghali?

Kila msimu wa uhamisho wa watumishi swali ni lilelile: "Dada, eti Mbeya maisha yako juu sana?" Anayeuliza kwa kawaida kaambiwa na mwenzake aliyekaa huku kidogo, akarudi Dar na malalamiko. Mimi nimepanga Sae, nikapanga Nzovwe, na kabla sijamjibu mtu namuuliza kwanza: wewe huwa unakula nini?

Tuanze na barabara, maana ndiyo inayopanga bei. Kutoka Dar hadi hapa ni zaidi ya kilomita 800, na karibu kila kinachotoka bandarini au viwanda vya Pwani kinapandishwa mlima Kitonga mgongoni mwa lori. Nauli ya hilo lori tunailipa sisi dukani. Asiyeamini asubiri Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wanapotangaza bei kikomo za mafuta, aangalie mstari wa Dar kisha wa Mbeya. Ndoo za plastiki, vipodozi, friji, vifaa vya umeme, vyote vimekula mafuta hayo njiani. Kama unahama na vyombo vyako vizuri, njoo navyo. Usiviuze kwa bei ya kutupa ukitegemea kununua vipya huku. Simenti na bia hazina kisingizio cha safari, viwanda vipo hapahapa.

Chakula ni habari nyingine kabisa. Mchele unatoka Kyela na Mbarali, ndizi na maparachichi Tukuyu, viazi vinashuka kutoka Uporoto, mahindi yanakuja kutoka Mbozi. Ingia soko la Soweto asubuhi uone ndizi zinavyoshushwa, halafu uniambie ughali uko wapi. Lakini jirani yangu mmoja, mtu wa Tanga, alikuwa akipita palepale bila hata kugeuza shingo, anatafuta nazi na samaki wa bahari. Nazi ikifika Mbeya imesafiri kuliko abiria wengi! Mwisho wa mwezi analalamika mji una gharama. Mji haujamfanya kitu. Angekula mbasa na dagaa wa Ziwa Nyasa, mboga akaiunga kwa karanga, hesabu yake ingebadilika. (Alikuja kuzoea. Siku hizi anapika ndizi kuliko Wanyakyusa wenyewe.)

Kingine ni msimu. Huku mvua ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba na kuishia Aprili au Mei, kisha mavuno. Mchele nunua kuanzia Juni, kwa debe au gunia, uhifadhi pakavu. Anayenunua kwa sado, tena Februari, analipa bei ya mtu mwenye haraka. Kama kipato hakiruhusu gunia, changeni wawili watatu mgawane; kina mama wa mtaani kwetu hufanya hivyo miaka yote na hawahitaji kikundi chenye katiba. Na ukiambiwa gunia la viazi ni rahisi, au ni ghali, uliza kwanza kama ni lumbesa, lile lililojazwa kupita kiasi, maana gunia na gunia havilingani.

Sasa nikupe gharama ambayo wageni hawaiweki kwenye bajeti: baridi. Juni na Julai usiku huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na mtoto aliyezoea Dar atataka blanketi mbili, sweta la shule, soksi, na maji ya moto asubuhi na jioni. Hayo maji ndiyo yanayomaliza. Gesi inaisha kabla ya siku zake, na ukitumia koili unaona uniti za LUKU zinavyoyeyuka. Masweta na majaketi tafuta mitumba Mwanjelwa mapema, Aprili au Mei, kabla mji mzima haujakumbuka baridi. Ila usijaribu kubana matumizi kwa kulala na jiko la mkaa chumbani. Moshi wake mbaya hauonekani na watu wanakufa usingizini.

Baridi hiyohiyo ikuongoze kwenye kutafuta nyumba. Chumba kisichopata jua kitakuwa na ukungu ukutani, na nguo zitakaa siku mbili bila kukauka. Hata kama kodi yake ni ndogo, kiache. Usiende kutafuta chumba Oktoba au Novemba maeneo ya vyuo, kama Iyunga karibu na MUST au Block T karibu na TEKU, maana wanafunzi wanarudi na madalali wanalijua hilo kuliko wewe. Forest na Uzunguni kuna hewa nzuri na majirani wenye magari, unalipia vyote viwili. Nenda Isyesye, Itezi au Ilomba uone tofauti, ila angalia umbali wa kutoka lami. Ukiwa kando ya barabara kuu, daladala za Uyole hadi Mbalizi zinakupitia. Ukiwa ndani au juu mlimani utahitaji bajaji kila siku, na ulichookoa kwenye kodi kinaishia huko.

Kinachouma kweli ni kodi ya mkupuo. Wenye nyumba wengi wanataka ya miezi sita, wengine mwaka, na dalali naye anadai ya mwezi mmoja juu yake. Ndiyo maana mgeni anauona mji ni ghali tangu wiki ya kwanza: anatoa fedha ya nusu mwaka kabla hajanunua hata godoro. Kama una ndugu au mfanyakazi mwenzako huku, fikia kwake kwanza, tembea mitaani mwenyewe na uongee na mwenye nyumba ana kwa ana. Omba miezi mitatu. Mama mwenye nyumba wangu wa Nzovwe alikataa siku ya kwanza. Niliporudi mara ya pili na kukaa naye kibarazani tukaongea, akakubali.