Shangazi, mume wangu hataki nisomee unesi

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 33, naishi Morogoro. Wakubwa wana miaka 10 na 7, wa mwisho ana mwaka mmoja na miezi miwili. Nauza kwenye duka la dawa muhimu, kozi ya utoaji dawa nilisoma 2019 na mume ndiye aliyenilipia. Ndoto yangu tangu utotoni ni kuwa nesi. Kidato cha nne nilimaliza 2010, biolojia na kemia nilifaulu. Sasa nimepata nafasi ya stashahada ya uuguzi na ukunga kwenye chuo kimoja binafsi Mwanza, nimeshatanguliza laki tatu kutoka kwenye kikoba changu kwa kaka mmoja anayesaidia watu kupata vyuo. Mume alipoona ujumbe wa malipo kwenye simu akabadilika. Haongei sana, anasema tu "subiri mtoto aache ziwa, kwani Morogoro hakuna vyuo?" Mimi naona ni wivu, hataki nimzidi. Mama yake naye anaingilia, eti mtoto ataachiwa nani, wakati wale wawili yeye ndiye aliyewalea. Siku hizi anajidai ana presha, miguu inavimba, ili asibebe mtoto. Nyumba hii imenichosha Shangazi. Nimeamua nitaondoka tu, wakitaka waniite kwenye kikao. Elimu haina mwisho. Nifanyeje wanielewe?
Mama Watatu, Morogoro

Marahaba mwanangu. Kutamani shule ukiwa na watoto watatu si kosa, na hamu ya kitabu ikirudi ukubwani huwa kali kuliko ya utotoni. Hilo nakupa. Pole yangu inaishia hapo, maana barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikiirudia namwona mumeo anazidi kuwa mtu mwema.

Unasema hataki usome. Nimelitafuta neno "hapana" lililotoka kinywani mwake, sikuliona. Nilichokiona, tena kwa mwandiko wako, ni ombi na swali. Ombi: subiri mtoto aache ziwa. Swali: kwani Morogoro hakuna vyuo? Ombi umelikataa, swali hujalijibu, halafu ukaja kwangu ukaviita vyote wivu. Huyu ndiye aliyekulipia kozi mwaka 2019, mtoto wa pili akiwa bado anatambaa. Angekuwa na wivu na maendeleo yako angeuanza siku ile, kwa sababu ile kozi ndiyo iliyokutoa ndani ikakuweka kaunta, ukaanza kushika pesa yako na kuingia kikoba. Alichokasirikia ni kusoma kwenye kioo cha simu kwamba mkewe amelipia chuo mkoa mwingine. Ungekuwa wewe umekuta ujumbe kwamba baba watoto amelipia chumba Mwanza, leo ningekuwa najibu barua ya kurasa nane.

Na hiyo Mwanza tuizungumze. Vyuo havipangi watu kama JKT. Mwombaji ndiye anayechagua. Vyuo vya uuguzi Morogoro vipo. Dodoma vipo, na siku hizi ukipanda treni ya umeme unafika Dodoma kwa saa chache tu. Wewe umeviruka vyote hivyo ukaenda kutua ziwani, safari ya basi ya kutwa nzima. Kisha huku chini, karibu na kufunga barua, ukaandika maneno matatu: nyumba hii imenichosha. Hapo ndipo barua yako ilipo, kwingine kote ulikuwa unazunguka.

Mwanangu, unataka kusoma au unataka kuondoka?

Sikukejeli. Mama anayeamshwa na mtoto usiku kucha, asubuhi akafungua duka, jioni akapika, ana haki ya kuchoka hadi akatamani basi lolote linalotoka stendi. Lakini aliyechoka huenda kwao wiki mbili akalala. Hapelekwi wodini. Mtoto wa dada yangu alisoma stashahada hiyohiyo, miaka mitatu, tena yeye hana mtoto, na kila likizo alikuwa akifika kwangu anasinzia na kijiko mkononi. Asubuhi darasani, anatomia na majina ya mifupa. Fildi ikianza ni kumwosha mtu mzima asiyejigeuza, kutandika kitanda mgonjwa akiwa juu yake, kufunga kidonda kinachonuka na uso usionyeshe kitu. Zamu za usiku leba unamshika mkono mwanamke wa watu anayekutukana kwa uchungu, huku mwanao analilia Morogoro. Ukifeli unasapu, yaani unarudia mtihani, ukizidi unakarii, somo linakufuata mwaka unaofuata, ukizidi zaidi unadisko, unaondolewa chuoni, na ada hairudi. Ukimaliza kuna mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, na bila huo hupati leseni. Hata ukiwa na leseni mkononi, ajira ya serikali haikusubiri getini. Wapo wengi wanaojitolea mwaka hadi mwaka wakiomba kila tangazo linapotoka.

Wamama wenye watoto wamepita humo wakatoka na sare zao nyeupe, nawafahamu. Kila ninayemfahamu alikuwa na mtu nyumbani aliyemshikia mtoto kwa hiari yake. Wewe mtu huyo umempanga bila kumuuliza, na ndipo ninapofika kwa mama mkwe wako, ambaye ndiye aliyenikosesha usingizi.

Umeandika "anajidai ana presha, miguu inavimba". Nilipofika hapo niliweka miwani chini. Mwanamke huyu amekulelea watoto wawili, umekiri mwenyewe, na kwa hesabu yangu huyo wa pili alimlea ili wewe ukasome kozi yako. Leo mwili unamwambia basi, wewe unaita kujidai. Unakaa siku nzima kwenye duka la dawa, wazee wa mtaa mzima wanakujia na karatasi zao. Je, wa nyumbani kwako umewahi kumfunga hata siku moja mkanda wa mashine ya presha? Umemuuliza anatumia kidonge gani? Kuna dawa ya presha ambayo yenyewe huvimbisha miguu, na hapo daktari akibadilisha huenda ikaisha. Lakini miguu kuvimba kunaweza pia kuwa moyo, kunaweza kuwa figo. Mtu wa namna hiyo anapelekwa kituo cha afya wiki hii hii. Unesi unaouota tangu utotoni umekaa kigodani uani kwako na miguu imevimba, nawe umeukasirikia kwa sababu haubebi mtoto!

Na lile swali lake, "mtoto ataachiwa nani", umeliita kuingilia. Mimi naliita swali. Sijaona jibu lake kwenye barua nzima.

Kuna jingine. Umeniambia biolojia na kemia ulifaulu. Fizikia umeinyamazia. Mficha uchi hazai, mwanangu, nami nimewasikia wanaoshughulika na mambo haya. Stashahada ya uuguzi na ukunga inataka ufaulu wa masomo yasiyopungua manne, ya dini hayahesabiwi, na ndani yake lazima ziwemo kemia, biolojia na fizikia. D inatosha, lakini iwepo. Kama fizikia yako ni F, basi huyo "kaka anayesaidia watu kupata vyuo" hajakutafutia chuo, amekutafutia hasara. Wapo wanaopokelewa hivyo hivyo, wanavaa sare, wanalipa ada ya mwaka milioni moja na kitu, halafu majina yanapopelekwa NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo hivi, kuhakikiwa yanarudi na doa. Chuo halali kina namba ya usajili, kimo kwenye kitabu cha mwongozo cha NACTVET kinachotoka kila mwaka, na ada yake inaingia akaunti ya chuo. Haiingii kwenye laini ya simu ya kaka. Umemtumia laki tatu za kikoba mtu ambaye hata jina la ofisi yake hukuniandikia, na hukumuuliza hata mume anayelala ubavuni kwako! Angekuuliza maswali mawili tu na pesa zako ungekuwa nazo.

Niseme na wengine mnaosoma, maana barua za namna hii zimekuwa nyingi. Siku hizi ndoa zinaendeshwa kwa ujumbe wa simu. Mume anajua mkewe amenunua kiwanja kwa kuona meseji, mke anajua mume amekopa kwa kupigiwa na wadai. Usiku wanalala kitanda kimoja, kila mmoja kageukia ukuta wake na kioo kinamulika uso. Anayewashauri ni kundi la WhatsApp la watu themanini, nusu yao hawajawahi hata kukuona, wanakuandikia "nenda shoga yangu, usizibwe na mtu". Siku mtoto akiharisha usiku wa manane hakuna hata mmoja kati ya themanini anayeleta ORS. Na wanaume nao wana kijiwe chao, kila siku stori ni moja: fulani alimsomesha mkewe, akaota mbawa. Wanatishana hivyo mpaka mtu anayempenda mkewe anaanza kuogopa vyeti vyake. Huenda mumeo naye hofu hiyo anayo, sikatai. Ila wewe umemthibitishia kijiwe kwamba kina haki: umelipa kimya kimya, umechagua mbali, na umeahidi kuondoka bila kuaga. Unataka akueleweje?

Kwenye kikao unachokitaka, uko peke yako. Hata mimi ningekaa upande wa mama mkwe.

Fanya hivi. Kesho mfuate huyo kaka, mdai pesa yako na risiti, na nenda na mumeo. Mwanamume akisimama pembeni na mikono mifukoni pesa hurudi upesi. Jumamosi funga duka, mpeleke mama mkwe kwa daktari, ubebe vidonge vyake vyote kwenye mfuko avione. Usimwambie lolote kuhusu chuo siku hiyo, atajua unamnunua.

Kisha mume. Subiri akiwa ameshiba, weka simu yako chumbani, mwambie: nilikosea kulipa bila kukuambia, bado nataka kusoma, na kusubiri nimekubali. Hesabu unayoiona ya wivu mimi naiona ya mtu aliyetulia. Mtoto ananyonya hadi miaka miwili, ndivyo wanavyotufundisha kliniki, kwa hiyo umebakiza miezi kumi. Elimu haina mwisho, nakubali, lakini maziwa ya mama yana mwisho, na mwisho wenyewe ni mwakani. Kama fizikia inakudai, huo mwaka aliokuomba mumeo ndio utakaokuokoa: jiandikishe Baraza la Mitihani, NECTA, kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwenye kituo chenye maabara kwa sababu fizikia ina mtihani wa vitendo, ufanye Novemba. Matokeo yatatoka mapema kabla dirisha la udahili halijafunguliwa, na utaomba chuo cha Morogoro hapo hapo, usiku unalala kwako. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nawe mvungu wako ni kitabu cha fizikia cha kidato cha tatu, saa tano usiku, mtoto mgongoni.

Na ule uchovu usiufiche nyuma ya ndoto. Mwambie mumeo umechoka, kwa neno hilo hilo. Amlaze mtoto yeye siku tatu kwa wiki. Mkono uliolipa ada unaweza kubembeleza.

Ukishafanya hayo niandikie tena, nami nitakuwa wa kwanza kukutetea akikataa. Ila barua ijayo ianze na jibu moja: fizikia ulipata nini?